Faili Limelala Wapi? Mama Masjala Ajibu Barua Zenu

Toleo hili nimelitenga kwa barua za aina moja. Tangu nilipoandika kuhusu vikao visivyo na ajenda, wengi wenu mmekuwa mkiuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: tubaki na mipango yetu ya zamani, au tuhamie kwenye hii ajaili (kwa Kiingereza agile), yaani kufanya kazi kwa vipande vifupi na kurekebisha njiani, inayotajwa kila semina? Kwa wageni wa safu hii, nilianza kazi masjala nikisukuma mafaili, baadaye nikasimamia miradi, kwanza ya majengo na kisha ya mifumo ya kompyuta. Jina la Mama Masjala nilipewa na vijana wa kazini, sikulikataa. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mama Masjala. Mimi ni meneja wa mipango katika shirika lenye watu wapatao 200. Mkurugenzi wetu ametoka semina na kutangaza kwamba kuanzia robo ijayo ya mwaka idara zote zitafanya kazi kwa ajaili: kazi za wiki mbili mbili, ubao wa kuonyesha kazi ukutani, mpango wa mwaka ufutwe. Tunajenga ofisi mpya, tunatengeneza mfumo wa kusajili wateja, na idara ya fedha inafunga hesabu kila mwezi. Njia moja itatosha kwa yote haya? Nikipinga nitaitwa mtu wa kale, na nina miaka 34 tu.

Marahaba mwanangu. Tuanze na alichosikia mkurugenzi wako na alichokosa kusikia.

Februari 2001 watu 17, wote wa fani ya kutengeneza programu za kompyuta, walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi ambalo ndilo lililoipa ajaili jina lake. Walisema wanathamini watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko makabrasha, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango. Kisha wakaweka sentensi ambayo semina nyingi huiruka: kwamba hata hivyo vya upande wa pili vina thamani, ila wao wanavithamini zaidi vile vya kwanza. Hakuna waliposema mpango wa mwaka ufutwe. Na hawakuwa wakizungumzia zege.

Njia ya zamani nayo husingiziwa mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya DuPont ilikuwa ikihangaika na viwanda vya kemikali. Kujenga kiwanda, au kukisimamisha kwa matengenezo, kulikuwa na kazi nyingi zinazotegemeana, na kila siku kiwanda kilipolala ilikuwa hasara. Wakabuni hesabu ya kuorodhesha kazi zote, kuandika ipi inasubiri ipi, kisha kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Kazi iliyo kwenye mnyororo huo ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Iliyo nje yake inaweza kuvuta pumzi kidogo bila mtu kuumia. Jeshi la majini la Marekani nalo, miaka hiyohiyo, lilitumia mbinu inayokaribiana na hiyo kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Ukiniambia hayo ni mambo ya kale yasiyo na maana, nitakuuliza jengo lako la ofisi utalisimamia kwa nini kingine.

Ile picha ya hatua zinazoshuka kama maporomoko ya maji, ambayo walimu wa semina huichora ubaoni ili darasa licheke, inatokana na makala ya mwaka 1970 ya mhandisi Mmarekani, Winston Royce. Alichora hatua hizo, na papo hapo akaonya kwamba kuzifuata hivyohivyo ni hatari na ni kukaribisha kushindwa, kwa sababu majaribio yanakuja mwishoni, wakati kurudi nyuma kumeshakuwa ghali. Alishauri hata kufanya kazi mara mbili, ya kwanza ya kujifunzia na ya pili ya kumkabidhi mteja. Watu wakabeba mchoro, onyo wakaliacha mezani. Kwa hiyo ugomvi huu wa wa kale na wa kisasa mimi siuamini sana. Wenye akili wa pande zote mbili walikuwa wanaogopa kitu kimoja: kugundua kosa wakati umeshachelewa.

Sasa kazi zako tatu. Kwa kila moja jiulize: tunajua kwa uhakika tunachotaka? Na tukibadili mawazo baada ya miezi mitatu, tutalipia nini?

Jengo. Mnajua mnachotaka, au mnaweza kukijua kabla ya kuchimba msingi. Kubadili mawazo baada ya hapo ni kubomoa. Zege kwa kawaida hupimwa nguvu yake likitimiza siku 28, na halitaharakisha kwa sababu mmeweka ubao wa wiki mbili ukutani. Hapa baki na ratiba, michoro iliyoidhinishwa na mnyororo wa kazi. Lakini kabla ya msingi, kwenye karatasi, badilikeni mtakavyo. Wekeni mpangilio wa vyumba mbele ya watu watakaovitumia, waukosoe, mchoraji arekebishe, mrudi tena. Kufuta ukuta kwenye karatasi ni kazi ya kifutio.

Mfumo wa kusajili wateja. Hapa mnadhani mnajua mnachotaka, na hamjui. Hilo nalisema bila kuwaona. Karani wa mapokezi atakapokalia mfumo kwa mara ya kwanza ndipo atasema, "Mbona hapa hamna nafasi ya mteja mwenye simu mbili?" Na kubadili ni rahisi mapema, ghali baadaye. Huku ajaili iko nyumbani. Anzeni na fomu moja, aina moja ya mteja, makarani wawili. Waitumie kwa kazi halisi, muone wanapokwama, muongeze kinachofuata. Mkisubiri mfumo uishe wote ndipo muwaonyeshe, mmerudi kwenye kosa alilolionya Royce.

Kufunga hesabu. Huu si mradi hata kidogo, ni kazi ya kujirudia yenye tarehe. Haihitaji ajaili wala chati ya mradi. Inahitaji kalenda, orodha ya hatua, na jina la mtu mbele ya kila hatua. Kitu kimoja tu mkiazime kwa watu wa ajaili: kila mkishafunga mwezi, kaeni nusu saa muulizane ni hatua ipi iliwachelewesha, mrekebishe hiyo moja kabla ya mwezi ujao. Msichague tano. Moja.

Kuhusu mkurugenzi, usimwendee na "hapana". Mwendee na ombi. Mwambie: nipe timu moja, ya mfumo, kwa miezi mitatu, tuifanye vizuri iwe mfano. Kubalianeni kabla ya kuanza mtapima nini. Mimi ningepima siku zinazopita tangu mtumiaji aombe kitu hadi akitumie. Halafu mwombe jambo la pili, ambalo ndilo zito: ateue mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua kwa niaba ya watumiaji, anayepatikana siku hiyohiyo timu inapouliza, asiyelazimika kupeleka kila swali kwenye kikao cha menejimenti. Wakurugenzi wengi huipenda ajaili mpaka wafike hapo. Ubao na karatasi za rangi hazigharimu kitu. Kuachia maamuzi ndiko kunakouma. Ukiona anasita kuteua mtu huyo, umeshapata jibu kuhusu idara nyingine zote, na hukulazimika kupinga chochote.

Mama, kwenye timu yetu tuna kile kikao cha kusimama kila asubuhi. Kinapaswa kuwa kifupi lakini kinachukua saa nzima, kila mtu anamweleza bosi alichofanya jana. Miguu inatuuma. Tukae?

Msikae, mtachukua saa mbili.

Kikao hicho kilitokana na utaratibu wa skramu (scrum), mojawapo ya njia za ajaili, ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha hadharani mwaka 1995, na mwongozo wao unakipa dakika 15. Ni cha wafanyakazi kupangana kazi ya siku. Mlichonacho ninyi ni taarifa kwa bosi, mkiwa mmesimama. Jaribuni hivi kesho: msizunguke mtu kwa mtu. Simameni mbele ya ubao muanze na kazi iliyo karibu kabisa kumalizika, muulize imezuiwa na nini na nani ataiondolea kizuizi leo. Kisha inayofuata. Mkifika kwenye kazi ambazo hazijaanza, mmemaliza, tawanyikeni. Bosi anakaribishwa, asimame nyuma ya watu, na kama ana swali amwone mhusika baadaye. Akiona mnazungumza mkitazama ubao badala ya uso wake, siku za kwanza atajisikia mpweke. Atazoea.

Shikamoo Mama. Naongoza kitengo cha madai kwenye kampuni ya bima. Tuko watu 6, kila mmoja ana mafaili karibu 40 mezani, na kwa siku tunafunga kama 12 kwa jumla. Wateja wanalalamika kwamba wanasubiri mno. Tunabaki hadi usiku lakini mkuu wa idara anasema hatujitumi. TEHAMA wanatushauri tununue programu ya kufuatilia kazi. Je, ndiyo dawa?

Marahaba, na poleni. Barua yako imenirudisha masjala, kwa hiyo niruhusu niende polepole.

Kwanza hesabu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni rahisi kuhusu foleni: kwa wastani, idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya vinavyoingia na kutoka, mara muda ambao kila kimoja hukaa ndani. Ninyi mna mafaili 240. Mnafunga 12 kwa siku. Gawanya: siku 20 za kazi, takriban mwezi mzima wa kalenda. Hiyo ndiyo subira ya mteja wa kawaida, hata kama kila mmoja wenu anafanya kazi bila kuinua kichwa. Mkuu wa idara akisema hamjitumi, mwonyeshe mgawanyo huo. Hauna matusi ndani yake.

Ila kanuni hiyo inahitaji yanayoingia yawe karibu sawa na yanayotoka. Kwa hiyo hesabuni wiki hii yanaingia mangapi kwa siku. Kama yanaingia 14 na mnafunga 12, rundo linakua kwa mawili kila siku, na hakuna ubao wala programu itakayolizuia. Hapo tatizo ni la watu wangapi au hatua ngapi, na mkuu wako anapaswa kulisikia hivyo.

Tuseme yanalingana. Sasa swali ninalolipenda kuliko yote: faili limelala wapi? Chukua mafaili 20 yaliyofungwa karibuni, usichague, beba tu yaliyo juu. Yafungue mbele ya kitengo kizima. Kwa kila faili andikeni tarehe lilipoingia, tarehe lilipofika kila meza, tarehe lilipotoka. Kisha andikeni kwa makadirio ni saa ngapi mtu alilifanyia kazi kweli: kusoma, kupiga simu, kukokotoa, kuandika dokezo. Tulikuwa tukifanya hivi masjala kwa kutazama mihuri ya tarehe kwenye karatasi ya mwendo wa faili, na kila mara picha ilikuwa ileile. Faili lilikuwa limeguswa saa chache na kulala wiki kadhaa. Watu hubishana sana kuhusu nani mvivu mpaka wakiona hiyo karatasi, ndipo ubishi unahama: wanaanza kubishana kuhusu meza.

Nakisia mtakuta sehemu mbili za kulala. Ya kwanza ni mafaili yanayosubiri nyaraka za mteja: ripoti ya polisi, risiti, picha, fomu ya daktari. Ya pili ni yanayosubiri saini.

Kwa nyaraka, dawa iko mlangoni. Anayepokea dai awe na orodha, na akague mteja akiwa bado yuko mbele yake au kwenye simu. Dai pungufu lipewe namba na mteja aambiwe papo hapo kinachokosekana, kwa maandishi. Msilikubali kimya halafu afisa aligundue baada ya wiki mbili kwamba risiti haipo. Hapo mteja anaanza kusubiri upya kwa kosa ambalo hakuambiwa.

Kwa saini, dawa ni ya kizamani kabisa, na naitetea: viwango vya mamlaka. Kama dai dogo na dai kubwa yote yanapanda hadi kwa mkuu wa idara, ombeni madai yaliyo chini ya kiwango fulani yaidhinishwe na kiongozi wa kitengo, na mkuu akague sampuli kila mwisho wa wiki. Mkuu akihofia udanganyifu ana haki ya kuhofia, ndiyo maana ya sampuli. Lakini asidhani kwamba saini ya mtu mwenye rundo la kusaini kabla ya saa kumi jioni ni ukaguzi.

Baada ya hayo ndipo ubao. Wazo lake lilitoka Toyota, ambako Taiichi Ohno alivutiwa na jinsi maduka makubwa ya Marekani yalivyojaza rafu kwa kufuata kilichonunuliwa, akatumia kadi ili hatua ya nyuma ya kiwanda isitengeneze kitu mpaka ya mbele ikihitaji. Kadi hizo ziliitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya ubao wa tangazo, na watu wa ofisini wamelichukua jina hilohilo. Kwenu, tumieni ubao wa kawaida na karatasi ndogo, karatasi moja kwa faili. Safu ziwe: limepokelewa, linakaguliwa, linasubiri nyaraka, linasubiri saini, limefungwa. Msiziunganishe zile mbili za kusubiri na nyingine. Hizo ndizo zitakazowaambia ukweli.

Kisha wekeni ukomo: kila afisa asiwe na mafaili zaidi ya, tuseme, matano kwenye "linakaguliwa". Mengine yakae kwenye foleni moja ya pamoja kwa mpangilio wa tarehe, na afisa achukue la juu anapomaliza moja.

Hapa nakuwa mkali kidogo kwa wanaouza mbinu hii. Kuhamisha mafaili kutoka mezani kwenda kwenye foleni hakumfupishii mteja hata siku moja. Yako palepale ndani ya jengo, hesabu ya Little inayahesabu yote. Faida inatoka kwingine. Afisa mwenye mafaili 40 hufungua moja, anakwama, analifunga, anafungua jingine, na kila akirudi anasoma upya alikofikia. Akiwa na matano anakumbuka. Pia anayepiga simu kwa hasira haruki tena foleni kimyakimya, maana foleni inaonekana. Na likikwama, halijifichi chini ya mengine 39. Kutokana na hayo mnaweza kupandisha kasi, labda kutoka 12 hadi 14 kwa siku. Yakiendelea kuingia 12, rundo linapungua mawili kila siku. Kufika mafaili 120, ambayo kwa kasi ya 12 ni subira ya siku 10, mtahitaji siku 60 za kazi. Mwambie mkuu wako hivyo mapema, ili asikuulize matokeo wiki ya pili.

Programu? Bado. Mkiinunua leo mtakuwa na mafaili 240 yaliyolala kwenye skrini. Kaeni na ubao mpaka mkubaliane safu ni zipi na ukomo ni ngapi, ndipo muwaite TEHAMA. Mtajua cha kuwaagiza.

Bibi, timu zetu nne zinakadiria kazi kwa pointi. Mkuu sasa anatoa zawadi kwa timu yenye pointi nyingi kila mwezi. Sisi ni wa mwisho. Tufanyeje?

Ongezeni makadirio, mtashinda mwezi ujao. Na timu nyingine zitafanya hivyohivyo mwezi unaofuata, ndiyo sababu zawadi hiyo ni upuuzi.

Pointi ni makadirio ya ukubwa wa kazi, ya timu moja kwa ajili ya kujipangia yenyewe. Tano yenu na tano ya wenzenu hazijawahi kukutana. Mwombe mkuu apime kitu ambacho mteja angekitambua: ni siku ngapi kati ya ombi na kukabidhiwa, na ni kazi ngapi zilizorudishwa kwa sababu zilikuwa mbovu. Avipime viwili pamoja, kwa sababu kimoja peke yake ni rahisi kukichezea.

Mama Masjala, mradi wetu wa mfumo umechelewa miezi miwili. Menejimenti imetuongezea watu watano juu ya watano tuliokuwapo. Badala ya kusonga, tumezidi kukwama. Wanatulaumu.

Wangemsoma Fred Brooks. Aliongoza utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM miaka ya 1960, na mwaka 1975 akaandika kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu mnaiishi. Wageni wanahitaji kufundishwa, na wanaofundisha ni walewale waliokuwa wakifanya kazi. Halafu kuna kuelewana. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza. Watu 10 wana jozi 45. Mmeongeza mikono mara mbili na mazungumzo mara nne na nusu.

Kuna kazi ambazo watu wakiongezwa zinaenda: kuingiza rekodi za zamani kwenye mfumo, kujaribu fomu moja moja, kuandika mwongozo wa watumiaji, kuandaa mafunzo. Wapeni wageni hizo, zina mipaka yake na haziwahitaji wenyeji kila saa. Wale watano wa mwanzo warudi kwenye kiini. Kisha nenda kwa menejimenti na orodha ya vilivyobaki, mkae mchague kipi kinaweza kutoka baada ya uzinduzi. Tarehe ikishindikana kusogea na watu wakishindwa kusaidia, kilichobaki ni kupunguza mzigo. Hawataipenda orodha. Waachie wao kalamu ya kukata, ila wasiondoke chumbani bila kukata.

Shikamoo. Nasimamia mradi wa mfumo katika shirika lenye bodi na wakaguzi. Bodi inataka bajeti, tarehe na orodha kamili ya kila kitu kabla ya kuidhinisha. Timu inasema haiwezi kuyajua yote sasa. Mkandarasi anataka mkataba wa bei moja. Na mkaguzi wa ndani ameniuliza: mkibadilisha mambo njiani, nani atasaini? Nimebanwa kila upande.

Marahaba mdogo wangu. Kila mmoja hapo ana haki, ndiyo maana umebanwa.

Bodi inawajibika kwa fedha za wengine, haiwezi kuidhinisha "tutaona mbele ya safari". Timu nayo haisemi uongo. Kwa hiyo funga fedha na tarehe zisibadilike, na uiache orodha iwe ndiyo inayopumua. Ipeleke bodini ikiwa katika mafungu matatu: ambavyo bila hivyo mfumo hauwezi kuzinduliwa, vinavyotakiwa lakini vinaweza kusubiri, na vya kufanywa muda ukiruhusu. Fungu la kwanza liwe dogo kwa ukali. Likimeza orodha karibu yote, hujachagua kitu.

Kisha gawa mradi katika awamu, na kila awamu iishe na kitu kinachotumika. Wazo hili lipo katika PRINCE2, utaratibu wa kusimamia miradi uliotoka Uingereza mwaka 1996, na kwa mambo ya bodi naupenda: bodi huidhinisha awamu moja baada ya nyingine, huweka kiasi ambacho msimamizi anaruhusiwa kupitiliza kwa muda na fedha, na haisumbuliwi mpaka dalili zionyeshe kwamba kiasi hicho kitavukwa. Ndani ya awamu, timu ifanye kazi kwa vipindi vya wiki mbili ikiwaonyesha watumiaji. Bodi inaona ngazi, timu inaona njia. Hawalazimiki kuzungumza lugha moja.

Mkandarasi mpe bei moja, lakini ya awamu ya kwanza tu, na mkataba useme wazi kwamba shirika linaweza kusimama hapo likiwa limekabidhiwa programu, nywila zote na maelezo ya jinsi ya kuitunza. Weka kifungu cha kubadilishana: kitu kipya kinaingia pale tu ambapo kingine cha ukubwa huohuo, ambacho hakijaanzwa, kinatoka. Na kwa kila kitu kiandikwe mapema kinahesabiwa kimekwisha kikoje: karani fulani anaweza kufanya jambo fulani, kwa data halisi, bila fundi kusimama nyuma yake. Malalamiko mengi ya miradi niliyoyaona mezani kwangu yalikuwa juu ya kitu ambacho mmoja alikiita kimekwisha na mwingine hakukiita hivyo.

Wasikudanganye pia kwamba ajaili haina nyaraka. Mkaguzi anahitaji kujua nani aliamua nini, lini na kwa nini, na mistari miwili kwenye daftari la maamuzi siku hiyohiyo inamtosha kuliko ripoti nene ya mwisho wa mwaka.

Swali lake la saini ni zuri, mjibu kwa ukurasa mmoja. Kubadilishana kitu kwa kitu cha ukubwa uleule: anasaini yule anayeamua kwa niaba ya watumiaji, jina lake liandikwe. Linalogusa tarehe au fedha ndani ya kiasi kilichoruhusiwa: unasaini wewe, na bodi inajulishwa kwenye taarifa ya mwezi. Linalovuka kiasi hicho, au linaloondoa kitu kwenye fungu la kwanza: bodi yenyewe, na kazi inayohusika isimame mpaka ijibu. Mpelekee mkaguzi ukurasa huo kabla mkataba haujasainiwa, umwombe auchambue kwa maandishi. Ana mengi ya kusema sasa, na yote ni nafuu kuliko atakayoyasema mwakani.